Siku Niliyosimama Mbele ya Ouragan

Aibu hii niliipata mchana kweupe, mbele ya watu wapatao arobaini, nikiwa nimevaa suti na tai, na kwa kuwa kila mmoja wao anaisimulia kwa namna yake (wapo wanaodai nilianguka, jambo ambalo si kweli), nimeona ni wajibu wangu kuieleza mwenyewe.

Kabla ya kustaafu na kuja Birmingham kuishi na binti yangu, nilikuwa karani wa masjala ya usafiri wa anga Dar es Salaam, na sikumbuki ndege iliyoandikwa kimakosa katika jalada langu hata moja. Sasa, mwaka 2018 jirani yetu Mama Neema, Mkongomani wa Bukavu, alitumiwa na binamu yake kaseti ya filamu ya zamani ya Kifaransa. Marehemu baba yake alikuwa fundi makanika Ufaransa enzi za ujana wake, na watengeneza filamu walimwajiri siku moja aisukume ndege ya kivita mbele ya kamera. Anaonekana kwa sekunde chache tu, lakini Mama Neema hakuwa na picha yake hata moja. Zote zilibaki walipoikimbia nyumba yao wakati wa vita. Mashine ya kaseti, na ile ya kumulika picha ukutani, alikuwa nazo Abdi, Msomali aliyekulia Nairobi, basi majirani tukaalikwa sote Jumamosi kwenye ukumbi wa mtaa wetu wa Castle Vale.

Tangazo la Abdi lilisema tutaona ndege aina ya Mystère. Picha iliyokuwa juu ya kaseti ilionyesha wazi kwamba ni Ouragan, ndege iliyoitangulia: mabawa ya Mystère yamelala kuelekea nyuma, ya Ouragan yamenyooka, tena yana matangi ya mafuta kwenye ncha. Nilimwandikia Abdi mara mbili. Alinijibu kwa picha ya dole gumba. (Dole gumba si jibu la barua.)

Ndege ilipotokea ukutani, watu wakaanza kushangilia, “Mystère hiyo! Mystère!”, nami badala ya kuvumilia dakika moja tu nikaamua kusimama, nikatembea mpaka ukutani, nikanyoosha mwavuli wangu kwenye ile picha.

“Ndugu zangu, litazameni bawa hili! Limenyooka!”

“Mzee, kaa chini bwana!” Abdi akapaza sauti. “Tunaona kivuli yako tu!”

“Muzee, toka! Toka basi!” akalia Mama Neema.

Nikamjibu kwa adabu zote kwamba nitatoka nikishamaliza. Nilipomaliza, ukutani palikuwa na mwanamke anayekunywa kahawa mkahawani, ndipo nikatambua ni nani niliyekuwa nimemfunika kwa mgongo wangu.

Mtu mwenye akili angeomba radhi na kuketi. Mimi nikaenda kwenye mashine.

“Usiguse hiyo, mzee! Hiyo ina kichwa ngumu, wacha nirudishe polepole mwenyewe!”

Nilikuwa nimeshabonyeza. Mashine ikanguruma, ikakohoa, na Abdi alipoifungua, utepe ukatoka umesokotana kama tambi, umekatika palepale penye ile ndege.

Mama Neema akanijia. Hakupiga kelele, na ningeshukuru kama angepiga.

“Muzee, weye ndiye ulikuwa karibu. Ulimuona papa yangu? Alikuwa anacheka?”

Nikajitahidi kukumbuka. Nilikuwa nimeona tangi, nimeona mstari wa ribiti zinazoshikilia mabati, nimeona gurudumu la mbele, na kando ya bawa palikuwa na mtu, nina hakika palikuwa na mtu, lakini sura yake sikuitazama. Nikafumbua mdomo, na kilichotoka ni hiki:

“Mama, bawa lilikuwa limenyooka.”

Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha akajifanya anakohoa.

Mafundi wawili wamesema kile kipande hakitengenezeki. Tangu hapo nimeandika barua kumi na moja kutafuta nakala nyingine, na zote nimejibiwa kwa heshima kwamba haipo. Sitaacha kuandika. Ikipatikana, ndege hiyo waiite jina lolote wanalolipenda. Mimi nimeapa kwamba nitamkabidhi Mama Neema kaseti mlangoni kwake, nitoke, nikakae nje kwenye ngazi mpaka filamu iishe.