Dua Niliyoisomea Kompyuta

Miaka imepita, lakini mpaka leo nikimwona Mama Zuhura sokoni Temeke, mie huhama njia.

Madrasa yetu ilikuwa imepewa kompyuta moja kuukuu na mfanyabiashara wa mtaani. Mie, mwenye kozi ya wiki mbili Kariakoo, nikajitangaza mtaalamu. Alasiri moja tukawaita wazazi waone watoto wanavyoandika majina yao. Zuhura, wa miaka tisa, akaandika lake, na wazazi wote wakasema mashallah. Mama yake peke yake alikaa kimya, kaikodolea macho ile mashine.

Nikatoa hotuba ndefu kuhusu elimu. Nilipogeuka, kioo kilikuwa cheusi tii. Sikujua la kufanya, na wazazi walikuwa wananitazama. Ndipo nikakumbuka kimya cha yule mama.

"Mama Zuhura," nikasema mbele ya kadamnasi, "umekitia chombo kijicho. Umekitazama bila kusema mashallah."

Akajifunika uso kwa kanga. Nikawaambia watu wainue mikono, nikasoma dua mpaka kanzu ikalowa jasho, wakaitikia amin.

"Ustadhi," Zuhura akaninong'oneza, "si huwa inalala tu ukiiacha?"

Nikamwambia asiingilie dua. Akanyoosha mkono, akaisogeza mausi kidogo. Kioo kikawaka, jina lake likiwa palepale.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniumiza. Mama yake akashusha kanga, akanitazama mie, si kompyuta.

"Mashallah, ustadhi," akasema taratibu.