Mtungi Mkononi

Shuleni tulikuwa na darasa letu, sisi tuliochelewa kushika masomo. Mwalimu alitufundisha kusonga ugali, kufua, na kuteka maji kwenye tangi, tukisimama kwenye foleni kila mtu na mtungi wake mkononi. "Siku moja mtajitegemea," alikuwa akituambia.

Nilipomaliza nilirudi nyumbani, upande wa Kathonzweni. Mama alipika yeye, akafua yeye. Akienda mtoni aliniacha ndani, akafunga mlango kwa nje na waya, akiuzungusha mpaka ulie. Na mimi tayari nilikuwa nimeota ndevu. Nilitaka aniache niende kuteka maji peke yangu, hata mara moja. Kumwambia tu kulinichukua wiki nyingi, maana maneno hunitoka kwa shida.

Siku mgongo ulipomlaza alisema, "Haya, nenda. Lakini urudi mapema."

Mto ulikuwa mkavu. Wanawake walikuwa wamechimba shimo mchangani na maji yalitoka kidogo kidogo. Nikasimama nyuma yao na mtungi wangu. Aliyekuja baada yangu akateka, na aliyemfuata pia. Niliona haya kuuliza.

"Huyu anakunywa kwa macho," mmoja alisema, wakacheka.

Jua lilikuwa limeinama wakati mama mmoja mzee aliponinyang'anya mtungi na kuuweka chini, nyuma ya mingine iliyokuwa imepangwa mchangani.

"Mwana wakwa, mwanangu, hapa anayepiga foleni ni mtungi. Wewe nenda ukae kivulini."

Nilirudi na maji, sikumwaga hata tone. Nikakuta majirani wamejaa uani na tochi zao, wako tayari kunitafuta, na mama amesimama katikati yao analia, mkono mgongoni.

"Niliushika mtungi mkononi," nikamwambia. "Kumbe unawekwa chini. Sasa najua."

"Nyamaza, ule," akasema.

Mgongo wake ulipopona, jioni niliweka mtungi wangu karibu na mlango, nyuma ya wake, vile hupangwa kule mtoni. Aliuona. Alisimama akaitazama yote miwili kwa muda mrefu, nami nikalala nikijua ameelewa.

Asubuhi aliibeba yote miwili. Kisha nikasikia waya.