Waya wa Mita Sitini

Kwa miaka kumi na minane Nyanchoka, mama wa Emily, alikuwa msaidizi wa maabara katika shule moja ya upili karibu na Gesima. Mwezi mmoja baba mkwe wake, Mzee Machogu, alitoka hospitalini na mashine ya kumsaidia kupumua. Stima ilikuwa tu kwa mwanawe Mokua, mume wa Nyanchoka, na watu wa kanisa wakashauri mzee ahamie huko.

"Nilale nyumba moja na mke wa mwanangu?" akasema Mzee. "Heri nikose hewa."

Kwa mila ya Abagusii, baba mkwe na mke wa mwanawe hawaingiliani vyumbani; hilo halibishaniwi. Basi Mokua akanunua waya mpya, akauvuta mita sitini kando ya majani chai hadi kwa wazazi. Mashine ikanguruma, ikapiga kelele, ikazima. Fundi akasema ni mbovu. Mtungi wa akiba wa oksijeni ungeisha Ijumaa. Baada ya hapo ni kurudi wodini, mahali ambapo Mzee aliapa hatarudi.

Nyanchoka hangeweza kuingia chumbani kwake hata kumpa maji. Alichukua mabaki ya waya, akaenda nayo maabara.

Akapima mita kumi, akapitisha mkondo wa ampea moja. Kipimavolti kikasoma moja na robo. Volti kugawanya kwa mkondo: ukinzani wa omu moja na robo. Lakini huo ulikuwa ukinzani wa kipande kile tu. Waya mrefu huzuia zaidi, mnene huzuia kidogo. Ili ajue waya wenyewe ni kitu gani, alipima unene wake, milimita moja, akatafuta eneo la mkato wake, akalizidisha kwa ukinzani, akagawanya kwa urefu. Akarudia mara tatu. Jibu lilikuwa karibu mara sita ya lile la shaba kwenye jedwali la kitabu. Akakwaruza kwa wembe. Chini ya rangi ya shaba kulikuwa na chuma.

"Mashine ni nzima," akamwambia Mokua. "Umeme unachoka njiani."

"Na vile niliubeba begani nikijisifu!"

Alhamisi wakavuta shaba halisi. Mashine ikanguruma, na Nyanchoka akasimama nje chini ya dirisha, akingoja ipige kelele. Haikupiga.

"Nani huyo nje?" Mzee akauliza.

"Mama Emily," mkewe Kwamboka akajibu. "Amesimama hapo tangu saa nane."

"Mwambie hewa yake imefika. Na mbona hamjampa kiti?"