Mistari Minane ya Kunyamaza

Mwaka ule padri aliyetufundisha muziki pale Bukavu alibadilisha masharti ya diplome: wapiga tarumbeta na wapiga ngoma, wote tusome noti. Mimi ngoma niliijua kwa masikio tangu kijijini kwetu Nyangezi. Nilikasirika, lakini noti nilijifunza.

Siku ya mtihani, karatasi yangu ilianza na mistari minane ya kunyamaza. Tarumbeta zikalia peke yao. Vidole vikaniwasha, miguu ikakataa kutulia. Kwetu, ngoma ikinyamaza watu wangali wanacheza, wanawake wanaanza kulia, maana kuna mtu amekufa. Kwenye mstari wa tano nikapiga.

Padri akagonga meza. “Haukuona bameandika unyamaze?”

“Niliona, mon père. Lakini nani amekufa?”