Fundi Yahaya na Wenzake wa Jumapili

Fundi Yahaya alikuwa mshonaji wa Dongobesh. Asili yake ni Kondoa, akapanda kuja nchi ya Wambulu na cherehani moja wakati vita ya Hitla inamalizika. Alishona kaptura za wanafunzi, kanzu za Ijumaa na magauni ya Jumapili, wala hakubagua dini ya mtu. Lakini ukitaka aache kazi akusikilize, ilikuwa lazima uzungumze baisikeli.

Mwenzake katika jambo hilo alikuwa Mwalimu Nikolausi wa shule ya misheni. Walinunua baisikeli mwaka mmoja, 1949, na tangu hapo kila Jumapili Mwalimu akitoka misa alimkuta Yahaya amekwisha kufunga duka, suruali ameibana kwa kamba vifundoni. Hawakuwa na safari ya maana. Waliteremka upande wa Dirma, siku nyingine wakafika Hirbadaw, wakanywa maziwa kwa mtu, wakarudi.

Huko chini nchi ni tambarare, na upepo unaotoka upande wa Mlima Hanang hauna kitu cha kuuzuia. Wao wenyewe, bila kufundishwa na mtu, waligundua kwamba mmoja akitangulia na mwingine akamfuata karibu kabisa, gurudumu kwa gurudumu, wa nyuma hasikii upepo. Jambo hilo waliliita kukaa mgongoni. Wa mbele akichoka alipiga kengele mara moja, wakabadilishana. Yahaya alimkinga Mwalimu upepo maili nyingi, na Mwalimu alimkinga yeye, na mara nyingi walifika bila kusemezana neno. Yahaya alimwambia mkewe, Chiku, kwamba hana ndugu kama yule.

Baadaye wakaongezeka Hasani, mwenye duka la chumvi, na Joakimu, karani wa baraza. Yahaya hakuchukia. Ndiye aliyeweka sharti kwamba anayetoka na wenzake arudi na wenzake. Ndiye pia aliyeshika kibati cha viraka na solesheni ya kuvigandishia, kwa kuwa mikono yake ilikuwa myepesi. Kibati kilikaa mfukoni mwa koti lake, na tairi ya mtu yeyote ikipata pancha, wote walimgeukia yeye.

Mwaka 1953 akaja Gidabuday.

Alikuwa mfugaji wa Dirma, mtu mzima mwenye mke na watoto, aliyeuza dume moja mnadani Katesh akanunua baisikeli kwa sababu tu aliwaona wanne hawa wakipita. Juma zima alianguka. Baada ya hapo hakuanguka tena. Miguu iliyofuata ng'ombe tangu utotoni haikujua kuchoka.

"Shikamoo, Fundi," alisema Jumapili ya kwanza.

"Marahaba," Yahaya akajibu, macho yake kwenye mnyororo.

Kilichomuuma Yahaya si mbio za Gidabuday. Kilichomuuma ni siku walipofika uwandani, upepo ukaanza, yeye Yahaya akasogea nyuma ya Mwalimu kama kawaida, akamsikia Mwalimu akiita, "Gidabuday, njoo ukae mgongoni kwangu, nikufundishe." Yahaya akapisha. Akapanda siku ile nyuma ya Hasani, ambaye alikuwa mnene na alikinga upepo vizuri kuliko wote, lakini aliuona kila mzunguko wa gurudumu la Gidabuday pale ambapo palikuwa pake.

Jumapili zilizofuata zikawa hivyo hivyo. Mwalimu alimuuliza Gidabuday majina ya miti na ya vilima kwa lugha ya kwao, akayarudia vibaya, wakacheka. Yahaya nyumbani hakula vizuri. Chiku akimuuliza, alisema ni tumbo.

Halafu siku moja ya kiangazi, wakitoka Hirbadaw, mwiba wa mgunga ukaingia tairi ya nyuma ya Gidabuday. Wote wakashuka. Wote wakamgeukia Yahaya.

Mkono wake ulikuwa umekwisha kufika mfukoni. Akakigusa kibati. Ndani mlikuwa na viraka sita, anavijua. Akautoa mkono mtupu.

"Viraka vimekwisha," alisema. "Nilitumia cha mwisho juzi, kwenye baisikeli yangu."

"Hakuna hata kimoja?" Mwalimu aliuliza.

"Hata kimoja."

Alitaka Gidabuday ashike njia ya mkato kwenda kwake Dirma, wao warudi wanne kama zamani. Lakini Mwalimu aliinua baisikeli yake akaigeuza. "Basi tutatembea naye. Si ndilo sharti letu, Fundi?"

Hasani akacheka, akaanza kukokota. Joakimu vilevile. Yahaya akasimama. Kutembea nao saa tatu, kibati kikimgonga pajani kila hatua, hakuweza. Akasema ana gauni la harusi la kumaliza, akapanda, akaondoka. Upepo ulikuwa wa mbele njia nzima, na hapakuwa na mtu wa kumkinga.

Jua likikaribia kuzama akawasikia wanapita barabarani mbele ya duka. Kwa Gidabuday walikuwa wamekunywa chai, na yeye amewasindikiza kwa miguu mpaka Dongobesh. Walikuwa wanacheka hadi wanashika mbavu. Tangu siku hiyo ikawa mmoja akisema tu, "Yule kondoo!" wote wanaangua kicheko, na Yahaya anatabasamu asijue ni kondoo gani. Hakuna aliyekumbuka kumweleza, naye hakuthubutu kuuliza.

Chiku ndiye aliyekiona kibati alipotaka kufua koti. Habari ya pancha alikwisha kuisikia kwa mke wa Hasani. Akakiweka juu ya cherehani, kimefunguliwa.

"Baba Halfani, hivi ni nini?"

Yahaya akakifunga kifuniko.

"Mimi nimekuwa mke mwenza wa baisikeli hii miaka minne," Chiku alisema. "Kila Jumapili iliniacha hapa. Sikuitoboa tairi hata siku moja."

Jumapili iliyofuata Yahaya alitangulia peke yake hadi Dirma, akamkuta Gidabuday anakamua. Akamwambia yote, bila kuzungukazunguka. Alitegemea matusi, angeyapokea kwa furaha.

Gidabuday akafikiri kidogo. "Lakini, Fundi, ungenipa kiraka ningerudi nyumbani mapema. Siku ile ndiyo niliyopata marafiki." Akamkaribisha maziwa. Yahaya aliyanywa, na hakuna kitu alichowahi kumeza kichungu kama hicho.

Mwaka uliofuata Mwalimu alihamishiwa shule ya upande wa Singida. Miezi ikapita. Siku moja Gidabuday akaingia dukani na barua. Ilikuwa yake, jina lake limeandikwa wazi juu ya bahasha, lakini hakujua kusoma. Kwa Yahaya haikuwa imekuja barua yoyote.

Yahaya akafungua, akasoma kwa sauti. Salamu, habari za shule, mvua. Kisha akafika mahali akanyamaza.

"Soma," Gidabuday alisema.

"'Usimwache Fundi atoke peke yake. Nimesafiri na wengi. Hakuna niliyependa kusafiri naye kama yeye.'"

Gidabuday akamtazama. "Mwalimu ameandika hivyo, au ni wewe unayesema?"

"Ameandika."

"Nitampelekea Joakimu asome."

Na alimpelekea kweli. Yahaya akakaa kwenye cherehani bila kushona, akingoja. Gidabuday aliporudi alisimama mlangoni akasema, "Ni kweli. Jumapili tutoke."

"Niachie hiyo barua," Yahaya aliomba. "Hata kwa siku mbili tu."

"Hapana, Fundi. Barua ni yangu."

Akaikunja, akaitia chini ya mgolole wake, akapanda baisikeli. Yahaya alimtazama mpaka akapotea kwenye mteremko wa Dirma.