Deni la Bi Monjia Lililokataa Kuisha

Mwone Bi Monjia anavyoingia sokoni Bab Jebli. Ni saa saba na nusu mchana, jua la Sfax limesimama utosini, wauzaji wameanza kukunja maturubai, na yeye ndiyo kwanza anafika. Kikapu chake cha magurudumu kinalia kwi-kwi, kwi-kwi, gurudumu moja likimfuata mwenyewe na jingine likiwa na safari zake. Mguu wa kushoto anauburuta kidogo, goti hilo. Lakini kichwa amekiinua kama mwenye soko aliyekuja kukagua mali yake.

"Haya, tufunge, Bi Monjia ameshafika," alisema Ridha muuza nyanya, bila hata kugeuka.

"Kama umenisikia nikija, mbona hujanipimia?"

"Nikupimie nini, mama? Hizi zilizobaki hata punda angeuliza bei mara mbili."

"Mimi nitauliza mara tatu. Ni kilo ngapi hizo?"

"Sita, saba. Nipe dinari mbili, twende nyumbani sote."

"Dinari moja, pamoja na tenga."

"Tenga! Wallahi hilo tenga nimeli—"

"Tenga umeletewa na nyanya zake, Ridha. Usiape ovyo, Idi imekaribia."

Ridha akacheka, akamwaga nyanya zote zilizochubuka ndani ya tenga na tenga ndani ya kikapu. Hucheka hivyo kila siku, na kila siku kuna kitu chake kinaondoka.

Sisi watu wa Sfax nchi nzima inatutania. Wanasema tukialikwa chai, sukari tusiyoitumia tunakwenda nayo nyumbani. Lakini hata hapa kwetu, penye mabingwa, Bi Monjia alitajwa kwa heshima. Nyanya za dinari moja alizipasua, akazitia chumvi, akazianika juani kwenye paa, na huo ndio uliokuwa mchuzi wa miezi ya baridi. Vichwa vya samaki ambavyo wengine waliwatupia paka, yeye alivipika supu iliyowatoa majirani vyumbani. Suruali ya mumewe ilianza maisha ikiwa suruali, ikawa mfuko wa kuchujia maji ya machungwa, na sasa ni kishikio cha sufuria, na bado haijastaafu.

Na kila mtu alijua sababu. Ni deni.

Mumewe, Mzee Larusi, ni fundi cherehani, mtu mpole, mikono inanuka mafuta ya mashine tangu ujana. Ana ugonjwa mmoja tu: hajui kusema hapana. Neno lenyewe huanza vizuri kifuani, likifika kooni linageuka, linatoka "inshallah." Miaka ishirini na moja iliyopita mdogo wake, Bashiri, alimwomba amdhamini anunue mashine za kukamulia zeituni. Larusi akasema inshallah, akatia sahihi. Mashine zikakamua msimu mmoja. Bashiri akaenda Libya kwa wiki mbili, na wiki hizo mbili mpaka leo hazijaisha. Mwenye mashine akamgeukia mdhamini.

Tangu hapo kila tarehe moja Bi Monjia alipanda ngazi za ofisi ya wakili, ghorofa ya tatu, na bahasha. Larusi hakwenda. Aliona haya. Pensheni yake ndogo na pesa za cherehani alimkabidhi mkewe, naye ndiye aliyejua kimebaki nini.

Sasa sogea kidogo, maana hili halisemwi kwa sauti.

Deni liliisha mwezi wa tatu. Wakili aligonga muhuri, akasimama, akampa mkono, akamwambia, "Hongera, bibi. Nenda ukapumzike." Bi Monjia alishuka zile ngazi akilia na kucheka. Alipofika chini alikuwa amekwisha kuamua: hamwambii mtu. Na katika hao watu, wa kwanza ni mumewe.

Usimhukumu bado. Yule Bashiri aliyekwenda Libya aliacha mtoto, Moezi, na Moezi amekua. Kila Ijumaa alikuja kwa ami yake na keki nusu kilo na karatasi kilo moja. Alitaka lori la kubebea samaki, lenye jokofu, na mkopeshaji alitaka mdhamini.

"Baba mkubwa, ni sahihi tu," alisema Ijumaa moja, akisukuma karatasi kando ya birika.

"Sahihi tu ndiyo iliyomla baba yako mkubwa meno," alidakia Bi Monjia. "Deni la baba yako likiisha, uje."

"Limebaki muda gani, mama mkubwa?"

"Miaka minne."

Larusi alikohoa, akatazama chai yake. Moezi akakunja karatasi. Keki akaiacha, hilo tumshukuru.

Unaona? Lile deni lilikuwa limemtesa Bi Monjia miaka ishirini na moja. Likiisha tu likawa mlinzi wake wa mlangoni. Angemwachaje mlinzi wa bure namna hiyo aende zake? Basi akaendelea kuishi vilevile, shayiri Jumatatu mpaka Alhamisi, taa moja, maji ya kuoshea mboga kwenye mti wa yasmini. Siku moja alijaribu kununua nyanya saa tatu asubuhi, kwa bei kamili. Aliumwa kichwa mpaka magharibi. Na kila tarehe moja alitoka na bahasha kama kawaida, isipokuwa njia ilikata kona kwenda posta, akaiweka akibani kwa jina lake.

Mambo yangeendelea hivyo, kama si kondoo.

Wiki ya Idi ya Kuchinja, mtaani kwetu huhitaji kuuliza nani amenunua. Kondoo wamefungwa mapaani, na sauti zao unazijua kuliko za wenye nyumba. Yule mwenye kikohozi ni wa mwalimu, yule mwenye hasira ni wa muuza vigae. Paa la Bi Monjia lilikuwa kimya, kama mwaka jana na mwaka juzi. Larusi mwenyewe alisema, "Tumwachie Mungu, mwaka huu pia tutakula kuku." Lakini mwaka huu kondoo alifika dinari elfu moja na mia moja, watu waliingiwa na huruma zaidi, na kimya cha paa lile kiliwakaa majirani rohoni. Wakasema: hawa wazee wamekwisha.

Siku tatu kabla ya Idi mlango uligongwa. Alikuwa Salua, jirani wa ukuta mmoja, mjane anayefagia shuleni, mwanamke ambaye akinong'ona unamsikia ng'ambo ya barabara. Nyuma yake wanaume wawili wakimvuta kondoo dume mwenye pembe zilizojipinda mara mbili.

"Msiseme neno!" alisema Salua. "Ni wa mtaa mzima. Mkisema neno nalia hapahapa."

Larusi machozi yakamlengalenga. Akafungua mdomo, na wewe unajua kilichotoka. "Inshallah... Mungu awalipe, wanangu. Ingieni."

Bi Monjia alibaki ameshika fremu ya mlango. Pesa za maskini zilikuwa zimeingia nyumbani kwake kwa miguu minne. Akisema "rudisheni, tunazo," kesho Moezi yuko hapa na kalamu. Akinyamaza, Larusi, mtu ambaye hajapata kula tonge la haramu, atakula sadaka isiyo yake bila kujua, na aliyemlisha ni mkewe.

Wakampandisha kondoo paani. Robo saa haikupita, Bi Monjia akasikia kitu kinatafunwa.

"We! We mshenzi! Nyanya zangu!"

Kondoo alimtazama, ngozi ya nyanya ikining'inia mdomoni, akaendelea na tenga la pili. Bi Monjia akamfukuza na ufagio, goti na yote, wakazunguka tangi la maji mara tatu, na mara ya tatu haikujulikana nani anamfukuza nani.

"Mpe jina, mtazoeana!" ilisema sauti ya Salua juu ya ukuta. Alikuwa anaanua nguo, anakufa kwa kicheko.

Bi Monjia aliegemea ukuta apate pumzi. Ndipo akaona paa la jirani. Nguo, ndoo, na kamba tupu.

"Salua. Wa kwako yuko wapi?"

"Nani, mimi? Aa, mwaka huu nakula kwa kaka yangu."

"Kaka yako yuko Gabes, na hamsemezani."

"Basi tutasemezana, ni Idi." Salua akajishughulisha na pini za nguo. "Nyama inanipandisha presha hata hivyo. Chukua, kula, dada. Wewe umebeba kiasi cha kutosha."

Maneno hayo yalimchoma Bi Monjia kuliko pembe. Asubuhi yake alikuwa wa kwanza mlangoni posta, akatoa dinari elfu moja na mia moja, akaenda moja kwa moja kwa Salua, akafunga mlango na dirisha.

"Shika. Ni bei ya kondoo. Nunua mwingine, umfunge paani kwako. Mtu akikuuliza, sema kuna msamaria."

Salua alizitazama noti, akamtazama yeye. "Monjia. Umeiba?"

Ikabidi aseme yote: muhuri wa wakili, akiba ya posta, Moezi, kalamu. Salua alisikiliza akiwa ameziba mdomo kwa mikono miwili, na bado sauti zilipenya.

"Na Mzee Larusi hajui?"

"Hajui, na hatajua. Niapie."

"Miezi mitatu unampa mwanamume wa watu shayiri, na pesa ziko posta!"

"Shayiri ni nzuri kwa tumbo lake. Niapie, Salua!"

Akaapa. Alikuwa mwekundu kama mtu aliyemeza pilipili nzima, lakini aliapa.

Siku ya Arafa, Bi Monjia alipanda paani kuokoa nyanya zilizobaki, akatega sikio. Kwa Salua kondoo analia, vizuri. Lakini paa la pili yake, kwa Hamadi, yule mlinzi aliyeachishwa kazi kiwandani, kulikuwa na mwingine, sauti nyembamba, mpya kabisa mtaani. Akahesabu tena. Yeye amelipia mmoja.

"Salua! Huyu wa Hamadi ametoka wapi?"

"Msamaria," alisema Salua juu ya ukuta, na uso wake ulikuwa na shida kubwa.

"Msamaria ni mimi."

"Mwingine."

"Nani?"

"Nimeapishwa." Salua akashika ukuta kwa mikono miwili. Mabega yalianza kumtikisika. "Monjia, Mungu anisamehe, nyinyi watu mtaniua. Ulipotoka wewe jana, saa moja haikupita, akaja mtu ananuka mafuta ya cherehani. Akafunga mlango. Akafunga dirisha. Akanipa bahasha, bei ya kondoo; mimi nilikuwa nimeshapata yako, hiyo nikampa Hamadi."

Bi Monjia akakaa juu ya tenga. Likavunjika. Hakusimama.

"Anasema alikuwa anakuficha pesa za cherehani, kidogokidogo, miaka sita, apunguze deni upate kupumzika goti. Mwezi wa nne akajikaza, akapanda kwa wakili na bahasha yake. Wakili akamwambia, mzee, mkeo alimaliza mwezi uliopita." Salua alifuta macho kwa shuka lililoanikwa. "Nikamwuliza, sasa mbona humwambii? Akasema: nikimwambia najua, nani atamfukuza Moezi? Mimi siwezi. Mwache aendelee na miaka yake minne. Na shayiri nimeizoea. Lakini sadaka ya mtu siili."

"Ukamwambia kama mimi..."

"Sikumwambia! Niliapa kwako, nikaapa kwake. Chako nimekitunza. Chake kimenishinda, sina kifua cha vyote viwili."

Asubuhi ya Idi, yule mla nyanya alichinjwa kwa jina la Mungu, mnyama pekee mtaani aliyelipiwa na mtaa, kisha na mke, kisha na mume. Larusi alipuliza mkaa uani, akatunga ini kwenye vijiti, akimwimbia mkewe nyimbo zisizoeleweka. Bi Monjia alimtazama kwa pembe ya jicho. Tangu jana alikuwa anamtazama hivyo, na kila alipotazamwa Larusi aligeukia moto. Miaka arobaini ya ndoa, na ni leo ndiyo anagundua kwamba mzee huyu mpole ana siri, tena kubwa kama yake. Alitamani kumpiga kofi, na alitamani kumpa kipande cha ini chenye mafuta zaidi. Akampa ini kwanza.

Ndipo Moezi akaingia. Shati jipya, keki kilo nzima leo, na karatasi.

"Idi njema, baba mkubwa! Idi njema, mama mkubwa! Mmechinja, mashallah! Basi mambo yamefunguka." Akaketi, akaiweka karatasi kando ya sinia, kalamu juu yake. "Lori lenyewe limepatikana. Jumatatu ndiyo mwisho. Baba mkubwa, nimekuja siku ya leo kwa makusudi. Leo mtu hamkatalii mtoto wa ndugu yake."

Larusi alifuta mikono, akaichukua kalamu. Bi Monjia aliona vidole vyake vinavyoishika, vilevile vilivyoishika miaka ishirini na moja iliyopita, na goti likamuuma kama lililoona ngazi. Larusi akafungua mdomo. Neno lilipanda kifuani, wote wawili walilisikia linapanda, likafika kooni, likasita.

"Mwanangu," alisema, akiirudisha kalamu taratibu, "mimi nitatia sahihi vipi nami bado niko ndani ya deni la baba yako? Mambo hayo ni ya mama yako mkubwa. Muulize yeye."

Akageukia mkaa wake haraka. Sharubu zilikuwa zinamtetemeka, na si kwa moshi.

Moezi akamgeukia Bi Monjia, macho mekundu ya mtu asiyelala kwa kufikiri. Mtoto wa watu, hana mtu mwingine wa kumwendea. "Mama mkubwa, leo Idi, usinifiche. Niambie ukweli mmoja tu. Limebaki kiasi gani?"

Mishikaki inaungua, hakuna anayeigeuza. Kwenye ukuta, kichwa cha Salua kimechomoza na hakina hata haya. Ukisema limeisha, kalamu ile pale. Ukisema bado, ni uongo wa siku ya Idi, mbele ya mume anayejua kuwa ni uongo na asiyejua kuwa unajua anajua.

Haya, wewe uliyekaa nami mpaka hapa: ungekuwa Bi Monjia, ungemjibu nini?