Gia Ndogo Niliyoitunza kwa Kutoigusa

Asifiwe Mungu aliyeniamsha tena leo, mimi mzee wake, akanipa pumzi ya kusema ukweli. Namshukuru hata kwa hili linalopaswa kuniuma. Haliniumi tena. Moyo umekufa ganzi.

Ndugu zangu, kosa ni langu.

Aliyeniuzia jeep alinionyesha gia ndogo kando ya ile kubwa, ya kufanya magurudumu yote manne yavute. Akanisihi: "Papa, kila mwezi uivute, utembee kidogo kwenye udongo. Kwenye lami kavu hapana, utaivunja. Na mafuta yake ubadilishe." Nikaitikia.

Padri akaibariki gari. Tangu siku hiyo sikuigusa gia ile. Niliona kuitumia ni kuichosha! Kila Jumamosi niliifuta vumbi na kuing'arisha kama kinara cha altare. Fundi wangu wa mtaa wa Kampemba alipotaka kubadilisha mafuta yake, nilimkataza: "Acha, haijafanya kazi bado." Miaka ikapita.

Msimu wa mvua uliopita, simu ikapigwa kutoka Mokambo. Dada mkubwa wa mke wangu, ambaye yeye humwita yaya, aliyemlea tangu utoto, alikuwa anazimika na anamwita. Tuliondoka asubuhi. Njiani gari ikazama matopeni.

"Papa, si uko na ile gia?" mke wangu akauliza.

Nikaivuta. Haikusogea. Nikaivuta kwa mikono miwili. Kutu ilikuwa imeishika huko chini!

"Imeingia," nikamjibu. "Matope ndiyo yamezidi."

Uongo! Nikiwa na rozari shingoni!

Alasiri likapita lori, likatuvuta. Mke wangu alikuwa amesimama mbali, kwenye mvua. Dereva alichungulia ndani, akajaribu ile gia, akacheka: "Mukubwa, inang'ara kupita meno yako! Ulikuwa unaichunga ya nini? Ya kuzikwa nayo?"

Tulipofika, binti wa marehemu alitupokea mlangoni. "Mama mudogo," akasema, "alikuwa anakuita mupaka sauti ikaisha."

Kwenye kilio, mke wangu aliwaambia watu kwamba mvua ilitushinda. Nami nikaitikia: ndiyo, mvua. Ameendelea kusema hivyo hata kanisani. 

Leo asubuhi, kabla ya kuwaandikia, nimemwambia yote. Alikuwa anachambua maharage. Mikono yake ikasimama. Hakunitazama.

"Na sasa inavutika?"

"Inavutika. Fundi aliifungua."

"Bon, sawa. Tupeleke musalaba kwenye kaburi ya yaya mbele ya mvua kurudi."

Akaendelea kuchambua.

Mwenye gari kama yangu, nakuomba: ivute gia hiyo kabla ya siku ya shida, na mafuta yake usiyasahau. Ikikwama, sema imekwama! Mimi nilikosa yote.

Mungu akufikishe kwa wanaokuita wangali na sauti, wewe uliyenisoma. Amina.